Mvua Zikikatika, Usikimbilie Ufagio

Masika yakiwa mazito, malalamiko ya panya hutufikia miezi michache baadaye, watu wakiwa wameshasahau mvua. Mvua huotesha nyasi na mbegu, panya shamba huzaana kwa wingi (jike mmoja huweza kuzaa kumi kwa mkupuo), kisha mahindi yakishavunwa na konde likikauka, wote huhamia ghalani na kwenye makuti ya paa.

Huko Marekani, mvua za El Niño za 1991 na 1992 zilishibisha panya wa porini; 1993 watu wakaanza kufa kwa virusi vya hanta, vinavyoingia kwa kuvuta vumbi lenye mkojo na mavi ya panya. Homa ya Lassa, nayo ya virusi vinavyobebwa na panya, iko Afrika Magharibi, si Malindi wala Lamu, kwa hiyo tusitiane hofu. Ila panya anayeibeba anaishi Afrika Mashariki pia, na kule Morogoro amekutwa na virusi vya ukoo huohuo, ingawa havijulikani kuwadhuru watu.

Basi ghala lenye mavi ya panya lisifagiliwe likiwa kavu. Fungua milango na madirisha, ukae nje nusu saa. Vaa glavu za mpira na barakoa inayobana. Leso puani haitoshi, tumeshasema mara nyingi. Changanya blichi kikombe 1 kwa maji vikombe 9, siku hiyohiyo, bila kutia dawa nyingine ya choo. Lowesha mavi yote, ngoja dakika 5, futa kwa karatasi, funga ndani ya mifuko miwili. Osha glavu kabla ya kuzivua. Matundu yazibwe kwa waya wa kusugulia sufuria na saruji: panya mdogo hupenya upana wa milimita 6.

Na jamaa zetu wa Lamu, hoja kwamba paka wanatosha kumaliza panya ipumzike. Panya buku mzima paka humpisha, wala hakuna paka anayefuta mkojo.

Wenye maghala ya vyakula: Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura 242, inataka jengo lisiloingilika na panya. Afisa wa afya hukagua, huandika notisi yenye muda maalumu, hurudi kukagua. Kazi isipofanyika, shauri huenda mahakamani. Notisi iliyofungiwa kwenye droo haifutiki.

Ukishikwa na homa na maumivu ya misuli wiki chache baada ya kusafisha, mweleze daktari habari ya panya. Asipoambiwa, huenda akapima malaria pekee.