Je, wajua nani alianza kuipa mitaa ya Urusi jina la Pushkin?

Fungua ramani ya karibu mji wowote wa Urusi na utaukuta Mtaa wa Pushkin, mshairi maarufu wa nchi hiyo. Mara nyingi jirani yake ni mtaa wa mwandishi mwingine: Gogol, Chekhov au Gorky. Wengi wakiulizwa sababu hujibu kwamba ni kazi ya Wabolsheviki, wakomunisti wa Lenin: walitwaa madaraka mwaka 1917, wakang'oa majina ya wafalme na watakatifu, wakaweka ya waandishi. Walifanya hivyo kweli, na kwa wingi. Lakini hawakuwa wa kwanza, na jibu hilo linakosea mwanzo wa jambo kwa karibu miaka 40.

Awali jina la mtaa lilikuwa maelekezo tu. Tverskaya ya Moscow ni njia ya kwenda mji wa Tver, kama vile Barabara ya Bagamoyo ya Dar es Salaam inavyokwenda Bagamoyo. Mitaa mingine ilijulikana kwa kanisa lililosimama pale, au kwa kazi ya wakazi wake: Khamovniki ilikuwa ya wafumaji wa kitani.

Mwaka 1870 sheria mpya iliipa miji mabaraza ya kuchaguliwa. Juni 1880 Moscow ikazindua sanamu ya Pushkin, iliyochongwa na Alexander Opekushin na kulipiwa kwa michango ya wananchi. Mwaka huohuo baraza la Odesa, mji wa Ukraine ya leo uliokuwa wakati huo chini ya Urusi, liliubadilisha Mtaa wa Italia, ambako mshairi huyo alikaa mwaka 1823 alipokuwa amehamishiwa kusini kwa adhabu, ukaitwa Pushkinskaya. St. Petersburg ilifuata mwaka 1881. Kyiv, nayo ya Ukraine ya leo, ilipata Mtaa wa Pushkin mwaka 1899, miaka 100 tangu azaliwe. Yote hayo yalifanyika chini ya utawala wa tsari, yaani mfalme wa Urusi. Odesa ilipobadilisha jina la mtaa wake, Lenin alikuwa mtoto wa miaka 10.

Basi Wabolsheviki waliongeza nini? Waliongeza kasi, na sababu mpya. Majina yenye harufu ya kanisa yalitakiwa kuondoka, na mwandishi aliyesomwa shuleni alikuwa mbadala ambao kila mtu angeukubali bila maelezo. Mwaka 1920 kichochoro cha Khamovniki alikokuwa na nyumba Lev Tolstoy kilipewa jina lake. Mwaka 1924 barabara ya Prechistensky, jina linalomhusu Bikira Maria, ikawa ya Gogol. Mwaka 1931 uwanja uliotajwa kwa monasteri ya Strastnoy ukawa Uwanja wa Pushkin. Gorky alipewa barabara ya Tverskaya nzima mwaka 1932, pamoja na mji aliozaliwa, Nizhny Novgorod, naye yu hai. Kwa kawaida kilichosukuma mabadiliko ni kumbukumbu ya mwaka fulani: 1937, miaka 100 tangu kifo cha Pushkin, na 1944, miaka 40 tangu kifo cha Chekhov, mitaa miwili jirani ya Moscow iliyoitwa Dmitrovka, Mkubwa (Bolshaya) na Mdogo (Malaya), iligawiwa wawili hao mtawalia.

Kinachovutia zaidi ni kwamba kibao chenyewe huweza kukudokeza umri wa jina. Kirusi kina njia mbili za kumpa mtu mtaa. Ya kwanza hugeuza jina kuwa kivumishi, na kivumishi hicho hufuata jinsi ya nomino, kama cha kwetu kinavyofuata ngeli: mtaa mkubwa, barabara kubwa, kichochoro kikubwa. Kwa hiyo ni Pushkinskaya ulitsa, kwa kuwa ulitsa, yaani mtaa, ni jinsi ya kike. Lakini Gogolevsky bulvar, kwa kuwa bulvar ni ya kiume. Maana yake iko karibu na kusema "mtaa wa Kipushkin", kama tusemavyo vazi la Kimasai. Njia ya pili ni umiliki: ulitsa Pushkina, yaani "mtaa wa Pushkin", ambapo kiambishi cha mwisho kinafanya kazi ya "wa" yetu. Majina ya wakati wa tsari huelemea kwenye njia ya kwanza, ya Kisovieti kwenye ya pili. Ni mwelekeo tu. Gogolevsky ni ya mwaka 1924, hivyo usitegemee kibao bila kutazama ramani ya zamani.

Umiliki huo huwapoteza wageni. Ulitsa Gorkogo ni mtaa wa Gorky, na ulitsa Tolstogo ni wa Tolstoy. Hakuna mwandishi aitwaye Gorkogo. Kwa Tolstoy tazama pia jina la kwanza, maana waandishi maarufu wa ukoo huo ni watatu: Lev na Aleksey wawili. Na Pushechnaya ya Moscow haimhusu Pushkin hata kidogo. Inatokana na neno pushka, mzinga, kwa sababu ya karakana ya mizinga iliyokuwa hapo.

Majina haya hayakudumu yote. Odesa iliurudisha Mtaa wa Italia mwaka 2024, wakati wa vita vya Urusi na Ukraine. Moscow ilianza mapema zaidi: Tverskaya ilirudi mwaka 1990, Dmitrovka zote mbili mwaka 1993. Chini ya ardhi mambo yalikwenda tofauti. Karibu na sanamu ile ya Pushkin kuna vituo vitatu vya metro vilivyounganishwa kwa njia za ndani, na vyote viliitwa kwa waandishi: Pushkinskaya cha 1975, Gorkovskaya cha 1979 na Chekhovskaya cha 1987. Gorkovskaya sasa ni Tverskaya. Viwili vingine viliachwa na majina yao, kwa hiyo ukishuka Chekhovskaya na kupanda ngazi kuutafuta Mtaa wa Chekhov, kibao kitakachokupokea kimeandikwa Malaya Dmitrovka.