Kwa nini fundi haogopi mtaro

Muulize fundi yeyote wa Mbeya hatari kubwa ya saiti ni ipi, atakujibu bila kufikiri: kuanguka kutoka kwenye mirunda. Yuko sahihi. Hata Marekani na Uingereza, kuanguka kutoka juu ndiko kunakoongoza kwa kuua wajenzi. Tunapotofautiana nao ni kwenye mtaro unaochimbwa saiti: wao wanauogopa, sisi hatuuogopi.

Mimi ni afisa usalama kwenye miradi ya majengo na maji, na hakuna kinachonitia hofu kama mitaro. Vijana wako chini ya shimo linalowazidi kimo, udongo umerundikwa ukingoni kabisa, nao wanapiga stori. Ukiwaambia watoke, utasikia: "Kaka, udongo wa huku umeshika." Kiangazi ni kweli. Lakini mvua za Novemba zikianza, maji huingia kwenye nyufa, udongo unakuwa mzito, na ukuta unaachia ghafla. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na ukilowa huzidi. Aliyefukiwa mpaka kifuani anaweza kufa kichwa kikiwa nje, maana kifua hakitanuki avute pumzi. Wenzake huruka kumwokoa, na wao wakafukiwa.

Marekani, mtaro wa kuanzia futi 5, yaani mita 1.5, lazima ukingwe au ukatwe kwa mteremko, isipokuwa kama umechimbwa kwenye mwamba imara. Mchimbaji wa kule hana macho makali kuliko wa Uyole, hapa Mbeya. Amezoea kuona kuta zimekingwa, kwa hiyo ukuta mtupu unamshtua. Japani wana kiken yochi: kabla ya kazi, kikundi kinasimama pale pale saiti, kila mtu anataja kinachoweza kumdhuru leo, kisha wanakubaliana la kufanya. Utaratibu huu naupenda sana. Ukiufanya huku, wanaotoa hoja nzito ni saidia fundi, kwa sababu wao ndio wako shimoni.

Ila tusimlaumu kibarua. Anayelipwa kwa mita alizochimba anaiona hatari vizuri tu. Akikataa kushuka, getini kuna mwingine anasubiri nafasi yake. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1988 unataka mfanyakazi wa ujenzi awe na haki ya kujiondoa penye hatari kubwa ya papo hapo. Haki hiyo ina faida gani kama akijiondoa analala njaa? Wakandarasi, kazi ya mtaro mrefu ilipeni kwa siku.

Na sisi ni majirani wa Mufindi na Sao Hill, kwenye misitu ya mbao! Kukosa mbao za kukinga mtaro Iringa au Mbeya ni aibu. Udongo uliochimbwa usogezwe mbali na ukingo, ngazi iwe karibu na wanaochimba, na mvua ikinyesha usiku, asishuke mtu mpaka kuta zikaguliwe.