Je, wajua kwa nini mwandishi hodari anaweza kuishi na kufa bila wasomaji?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa bidhaa ambayo mnunuzi anaweza kuishika, kuinusa au kuionja kabla hajatoa fedha, msemo huo una ukweli mwingi. Kitabu hakiko hivyo. Uzuri wa riwaya hudhihirika pale tu msomaji anapokuwa ameshaitolea saa zake kadhaa, na kabla ya hapo hana cha kumwongoza isipokuwa jalada, jina la mwandishi na neno la mtu aliyemtangulia kuisoma. Ndiyo maana wapenzi wa fasihi hukutana mara kwa mara na kazi bora ambayo hakuna anayeizungumzia, wakabaki wakijiuliza imewezekanaje. Imewezekana kwa sababu anayemfikisha mwandishi kwa wasomaji ni watu, na watu hao ni wengi, wamepangana katika mnyororo mrefu ambao pete yake moja ikikatika, kitabu huishia njiani.

Mhariri hupokea miswada mingi kuliko anayoweza kuisoma, kwa hiyo hukataa mingi kwa kuonja kurasa chache. Mchapishaji hugharimia uhariri, usanifu na uchapaji kabla hajauza hata nakala moja, na kwa tahadhari huchapa nakala chache za mwandishi asiyejulikana. Kisha, kwa kuwa nakala ni chache, haoni sababu ya kutumia fedha nyingi kuzitangaza. Muuza vitabu ana rafu zisizotanuka, na katika nchi nyingi anaruhusiwa kumrudishia mchapishaji vitabu ambavyo havikununuliwa, jambo ambalo hulifanya baada ya miezi michache ili kupisha vipya. Mhakiki wa gazeti naye huandika kuhusu kitabu kilichotoka juzi, si kilichotoka miaka mitano iliyopita. Kwa utaratibu huo kitabu hupewa msimu mmoja wa kujulikana. Msimu ukipita bila kuvuma, nakala zilizobaki huuzwa kwa bei ya kutupa au husagwa, hakichapwi tena, na tangu hapo hata msomaji aliyesikia sifa zake hana pa kukipata.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa John Williams, mwandishi wa Marekani aliyetoa riwaya yake Stoner mwaka 1965. Ni hadithi ya kijana wa shamba anayekuwa mhadhiri wa fasihi, akaishi katika ndoa isiyo na furaha na kazi isiyompa sifa, akafa bila kukumbukwa sana. Iliuzwa nakala zisizofika 2,000, na baada ya mwaka mmoja hivi haikuwa madukani. Huwezi kusema kwamba wakubwa wa fasihi hawakumwona mwandishi wake, kwa kuwa mwaka 1973 alitunukiwa, pamoja na mwenzake, Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani kwa riwaya nyingine. Hata hivyo Stoner haikufufuka. Williams alifariki mwaka 1994. Mwaka 2003 riwaya hiyo ikachapishwa upya Uingereza kwa utangulizi wa mwandishi wa Ireland, John McGahern, mwaka 2006 ikatoka tena New York, na mwaka 2011 mwandishi maarufu wa Ufaransa, Anna Gavalda, akaifasiri kwa Kifaransa. Miaka miwili baadaye ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyonunuliwa zaidi katika nchi kadhaa za Ulaya. Maneno yaliyokuwa ndani yake ni yale yale ya mwaka 1965. Kilichobadilika ni kwamba walipatikana watu watatu au wanne waliokipenda na waliokuwa na uwezo wa kukiweka mezani.

Wakati mwingine pete inayokatika ni ladha ya zama. Mwingereza Barbara Pym alikuwa amekwisha kutoa riwaya sita, zote zikapokewa vizuri, alipopeleka ya saba mwaka 1963. Mchapishaji wake aliikataa kwa kuona kwamba habari za wanawake wapweke, makasisi na chai ya alasiri zimepitwa na wakati. Wachapishaji wengine nao wakakataa. Pym aliendelea na kazi yake ya kuhariri jarida la Taasisi ya Kimataifa ya Afrika mjini London, akaandika bila ahadi ya kuchapishwa. Kisha mwezi Januari 1977 gazeti la fasihi la Times Literary Supplement liliwauliza waandishi na wasomi ni nani wamethaminiwa kuliko wanavyostahili na nani wamethaminiwa kidogo kuliko wanavyostahili. Mshairi Philip Larkin na mhakiki Lord David Cecil, kila mmoja kivyake, walimtaja Pym. Mwaka huo huo riwaya yake Quartet in Autumn ilichapishwa na kuingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya ya Uingereza. Alifariki mwaka 1980, akiwa amepata miaka mitatu tu ya kuona vitabu vyake vikisomwa tena. Ni vigumu kutowaza kwamba laiti mmoja wa wale wawili angekuwa safarini wiki ile, pengine tusingekuwa na jina lake leo.

Lakini Williams na Pym walikuwa na bahati moja kubwa: waliandika kwa Kiingereza, wakiwa karibu na wachapishaji wakubwa. Mwandishi wa lugha yenye wasemaji wachache huanza safari akiwa nyuma kabisa. Huko Marekani, makadirio yanayonukuliwa kwa kawaida ni kwamba vitabu vilivyofasiriwa kutoka lugha nyingine ni takribani asilimia 3 tu ya vitabu vinavyochapishwa, na sehemu kubwa ya hiyo asilimia 3 hutoka katika lugha chache za Ulaya. Mfano ambao sisi tunaosoma Kiswahili tunapaswa kuujua kwa moyo ni wa Aniceti Kitereza.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Akiona kwamba mila na maarifa ya Wakerewe yanafifia, aliamua kuyahifadhi kwa njia ya riwaya, kwa lugha yake mwenyewe ya Kikerewe, na akaimaliza mwaka 1945. Inahusu Myombekere na mkewe Bugonoka, wanandoa wanaopendana ambao hawajajaliwa mtoto. Jamaa za mke wanamchukua binti yao na kumrudisha kwao, na mume, badala ya kuoa mwingine kama wengi wangemshauri, anakwenda ukweni kumtafuta mkewe. Katikati ya kisa hicho mwandishi husimama bila haraka kueleza jinsi pombe ya ndizi inavyotengenezwa, jinsi mganga anavyochagua dawa, jinsi mgeni anavyokaribishwa na maneno anayostahili kuambiwa. Msomaji mwenye pupa atachoka. Msomaji mvumilivu atagundua kwamba anafundishwa namna jamii nzima ilivyofikiri, na kwamba subira ile ya maelezo ndiyo subira ile ile ya Myombekere kwa mkewe.

Kwa muda mrefu hakupatikana mchapishaji. Padri aliyekuwa rafiki yake alianza kuifasiri kwa Kifaransa, akafariki kazi haijafika kiwandani. Mwishowe Kitereza, akiwa mzee, aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Ilikuwa imepita miaka 35. Mwaka uliofuata akafariki. Mwaka 1991 ilianza kutoka kwa Kijerumani, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenye asili ya Ukerewe vilevile, aliifasiri kwa Kiingereza. Hata sasa wapo wasomaji wazuri wa Kiswahili, waliosoma riwaya nyingi za Kiafrika zilizoandikwa kwa Kiingereza, ambao hawajawahi kulisikia jina la Kitereza, na naliona hilo kuwa pengo kubwa katika elimu yetu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba lugha kubwa inatosha. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, anaandika kwa Kiingereza, na riwaya yake Paradise iliingia katika orodha fupi ya Booker mwaka 1994. Alikuwa na riwaya 10 mwezi Oktoba 2021 alipotangazwa kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, lakini siku hiyo wasomaji wengi duniani ndipo waliposikia jina lake kwa mara ya kwanza, na Afterlives, iliyotoka Uingereza mwaka 2020, ilikuwa bado haijapata toleo la Marekani. Mwaka 2022 tukapata Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, miaka 28 baada ya kitabu chenyewe kutoka. Hapa kamati ndogo ya watu huko Stockholm ilifanya katika dakika chache kazi ambayo mnyororo mzima haukuifanya kwa zaidi ya miaka 30.

Kuna pia chuki na dharau, ambazo haziandikwi katika barua za kukataa miswada. Zora Neale Hurston, mwanamke mweusi wa Marekani, alitoa riwaya yake Their Eyes Were Watching God mwaka 1937, akiwapa wahusika wake lafudhi na usemi wa watu weusi wa Florida. Baadhi ya waandishi wenzake weusi, akiwamo Richard Wright, walimshutumu kwamba anawaburudisha wasomaji weupe. Kabla ya hapo, mwaka 1931, alikuwa amemaliza kitabu cha mazungumzo yake na Cudjo Lewis, mmoja wa manusura wa mwisho wa meli ya watumwa. Mchapishaji alitaka usemi wa mzee huyo ubadilishwe uwe Kiingereza cha kawaida, Hurston akakataa, na kitabu hicho, Barracoon, hakikutoka mpaka mwaka 2018. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1960 katika makazi ya watu wasiojiweza, akazikwa kwa michango katika kaburi lisilo na jina.

Mwaka 1973 Alice Walker, wakati huo akiwa mwandishi kijana, alifunga safari hadi Fort Pierce huko Florida kulitafuta kaburi hilo. Ili watu wamsaidie alijitambulisha kuwa mpwa wa marehemu. Akaingia katika makaburi yaliyofunikwa na magugu yaliyomfika kiunoni, akahofia nyoka, akaliita jina la Zora kwa sauti, na mguu wake ukazama mahali palipodidimia ambapo aliamini ndipo alipolazwa. Akanunua jiwe na kuliandikisha maneno ya kumtukuza kuwa mwenye kipaji kisicho na kifani wa Kusini mwa Marekani. Mwaka wa kuzaliwa uliochongwa kwenye jiwe hilo ni 1901, kwa sababu Hurston alikuwa na tabia ya kupunguza umri wake; ukweli ni kwamba alizaliwa mwaka 1891. Walker alisimulia safari hiyo katika makala ya mwaka 1975, wasifu wa Hurston ukatoka mwaka 1977, na mwaka 1978 chapa ya Chuo Kikuu cha Illinois ikairudisha riwaya sokoni. Kabla ya hapo nakala chache zilizosalia zilikuwa zikipita mkono kwa mkono kati ya walimu na wanafunzi.

Lipo kizuizi kingine ambacho wasomaji wengi hawakifikirii, nacho ni sheria. Mkataba wa kimataifa wa Berne unalinda hakimiliki kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Ulinzi huo ni haki ya mwandishi na warithi wake, na sina ugomvi nao. Tatizo hutokea pale kampuni iliyochapisha kitabu inapofungwa, mkataba ukapotea, na warithi wasijulikane walipo. Mchapishaji mwingine akitaka kukitoa tena hana wa kumwomba ruhusa, na akithubutu bila ruhusa anaweza kushtakiwa. Kitabu kinakuwa yatima kisicho na wa kukitetea.

Ukizisikia habari hizi pamoja unaweza kujifariji kwamba wakati ni mwamuzi wa haki. Mimi nafikiri zinaonyesha kinyume chake. Tunazijua kwa sababu hawa ndio waliookolewa, na kila mmoja aliokolewa na jambo dogo mno: kura ya maoni ya gazeti, umri mrefu wa mwandishi mwenyewe, safari ya mtu mmoja kwenye makaburi. Waliokosa bahati kama hiyo hatuna njia ya kuwahesabu.

Waokoaji wenyewe wana jambo wanalofanana. Walitaja kitabu mahususi kwa jina, wakaeleza kilichomo, na wakahakikisha kinapatikana. Sifa za jumla hazimwinui mtu kitini. Mkutubi hununua kwa kuangalia maombi ya wasomaji, na mchapishaji hufikiria toleo jipya anapoona watu wanaulizia kitabu kilichoadimika, hivyo ombi moja lililoandikwa lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwa upande wangu ningeanza na Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki Januari 2020. Wengi wanamfahamu kwa Rosa Mistika ya mwaka 1971. Wachache wameisoma Nagona, ya mwaka 1990, kwa kuwa imepewa sifa ya ugumu. Ni kitabu kifupi chenye masimulizi ya ndoto, watu wasio na majina na mabishano mazito kuhusu ukweli na mauti. Kisome kwa mkupuo mmoja bila kutaka kila fumbo lijifungue, kisha uchukue Mzingile ya mwaka 1991, inayoendeleza safari hiyo hiyo.