Mbwa wa polisi hafundishwi kwa pilipili

Juzi Papa mmoja wa mtaa wa Himbi aliniletea mbwa wa miezi 5. Macho mekundu, pua inachuruzika, mkia umefyatwa. Nyumbani walikuwa wakimlisha ugali wenye pilipili na kumfungia gizani mchana kutwa. "Mwalimu, tunataka awe kama Rex, yule mbwa wa polisi wa kwenye televisheni." Nafundisha mbwa hapa Goma miaka mingi, na maneno hayo sasa yananiuma.

Dhana: mbwa wa polisi ni mbwa mkali, na ukali unatengenezwa kwa pilipili, njaa na giza.

Si kweli hata kidogo. Pilipili inamuunguza mbwa mdomo na tumbo, na ikimfika puani inachoma chombo chake cha kazi. Mbwa anayeishi kwa hofu hainamishi pua kufuata nyayo. Anautazama mkono wako, akingoja kipigo. Kung'ata atang'ata, lakini atamng'ata mtoto wa jirani aliyefuata mpira.

Anayetaka mfano apande njia ya Rutshuru mpaka Rumangabo, makao ya Hifadhi ya Virunga. Tangu 2011 walinzi wa Virunga wana mbwa wa Saint-Hubert, wale wa masikio marefu, wa kufuatilia majangili. Ni aina ya mbwa wapole. Kumtafuta mtu, kwao, ni mchezo wenye zawadi mwishoni. Nami naanza hivyo hivyo: mtu anajificha hatua 10 tu, kipande cha nyama mkononi, mbwa akimpata anakula na kusifiwa. Kesho hatua 20, halafu nyuma ya ukuta, halafu saa nzima baada ya mtu kupita. Ni kazi ya miezi, kila siku, kwa sauti ya chini. Hata Rex, katika mfululizo ule wa Austria ulioanza 1994, aliigizwa na mbwa kadhaa kwa kupokezana miaka yote hiyo, na wote walikuwa wamefundishwa. Ule mkate wa nyama anaoupenda ndio mngeuiga, si meno yake!

Dhana: mbwa akinusa mahali pa wizi, anamjua mwizi papo hapo.

Anafuata harufu ya mtu mmoja aliyonusishwa kwanza. Huku kwetu parsele, yaani kiwanja cha nyumba, ikiibiwa, kartye (mtaa) nzima inaingia na kushika kila kitu. Mbwa aanzie wapi? Na jua likishayachoma mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, harufu inapotea upesi. Fungeni lango, msiguse shati wala kandambili aliyoiacha mwizi, mniite kabla jua halijapanda.

Dhana: lazima awe mkubwa, tena wa Kijerumani.

Kuna mfululizo wa Uskoti, Hamish Macbeth, wa 1995 hadi 1997, uliopigwa katika kijiji cha Plockton. Hapa mjini sijakutana na mwingine aliyeuona, na nasikitika, maana ni mzuri sana. Polisi wa kijiji, ameigizwa na Robert Carlyle, anatembea na kijibwa cheupe cha kubeba kwapani. Kesi anazimaliza kwa sababu anawajua watu wake, mmoja mmoja. Mbwa wetu wa kienyeji pia anafundishika vizuri, na hapa namfundisha kila wiki.

Yule wa Himbi nimembakiza kwangu, kwanza apone. Chanjo ya kichaa cha mbwa hakuwa nayo. Bila karata ya chanjo, simpokei mbwa wa mtu yeyote.