Kufunga geji ya ziada kwenye injini: dhana potofu na ukweli wake

Wenye magari ya turbo wanaotaka kufungiwa geji ya uwiano wa hewa na mafuta huambiwa mara nyingi kwamba waya wowote wenye moto, yaani umeme, unafaa, ilmradi geji iwake. Ukweli ni kwamba kuwaka ni jambo moja na kusoma sawasawa ni jingine. Geji hii hutegemea kihisi kilichofungwa kwenye bomba la ekzosi, na ndani yake mna hita. Katika kihisi cha Bosch LSU 4.9, kwa mfano, hita hiyo hukipasha hadi nyuzi joto 780 hivi za Selsiasi. Ukiiunganisha moja kwa moja na betri, itaendelea kula umeme usiku kucha gari likiwa limezimwa. Ukichukua moto wa redio, kwa kawaida hukatika stata inapozunguka, na geji ikalazimika kuanza upya. Unaotakiwa ni waya unaopata volti 12 ufunguo ukiwa umewashwa na usiokatika wakati wa kupiga stata, nao hutafutwa kwa mita huku ufunguo ukigeuzwa hatua kwa hatua, wala si kwa kukisia rangi. Rangi moja tu ndiyo ya kuizingatia: nyaya za njano chini ya dashibodi kwa kawaida ni za mifuko ya hewa, na haziguswi.

Dhana inayoharibu kazi kuliko zote, na ambayo hata mafundi wazoefu huishikilia, ni kwamba ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari, ni ethi tu, popote penye chuma. Chukua geji inayotuma usomaji wake kwenye kompyuta ya injini kwa volti 0 hadi 5, ambapo volti hizo husimama badala ya uwiano wa sehemu 10 hadi 20 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta. Ethi yake imefungwa kwenye boliti moja na ya taa kubwa, juu ya rangi ambayo hakuna aliyeikwangua. Mchana geji na kompyuta zote zinasoma 14.7. Jioni dereva anawasha taa, umeme wa taa unapita kwenye ule mgusano mbovu, na ethi ya geji inapanda kwa volti 0.1: geji bado inaonyesha 14.7, lakini kompyuta inasoma 14.9. Fundi anayerekebisha injini kwa tarakimu hizo ataongeza mafuta yasiyohitajika, kisha atakilaumu kihisi. Dawa ni kufunga ethi ya geji mahali pamoja na ethi ya kompyuta ya injini, kwenye chuma kilichokwanguliwa kikang'aa.

Fyuzi nayo hudhaniwa kuwa inalinda geji. Inalinda waya, na ndiyo maana hukaa karibu na pale moto unapochukuliwa. Anayetoa ya ampea 5 iliyoungua na kuweka ya 20 ameugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi.

Wapo pia wanaochomoa umeme wa geji ili kihisi kidumu. Kinyume chake ndicho hutokea, kwa kuwa kihisi kisichopashwa joto hufunikwa na masizi ya moshi na kufa mapema. Asiyeihitaji geji kwa muda akifungue kihisi chenyewe, na tundu lake alizibe kwa plagi ya M18 × 1.5.