Boksi la TV linatosha kwa muziki safi, ukijua tundu la kuchomeka

Lile boksi la Android ulilonunua kwa ajili ya mpira na tamthilia linaweza kukupigia muziki kwa ubora wa CD. Nalisema hili kwa sababu hapa dukani kwangu Ngamiani, Tanga, hawakosi watu wanaotaka kuuza redio au kubadilisha spika, wakiamini ugonjwa uko huko. Nikiuliza muziki unatoka wapi, jibu ni lile lile: boksi, waya wa pini, sabufa. Spika ukizipima, nzima.

Tuanze na kazi ya boksi lenyewe. Boksi linabeba namba. Muziki wa CD ni namba tupu: kila sekunde sauti inapimwa mara 44,100 kwa upande wa kushoto na mara 44,100 kwa wa kulia, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16. Ukizidisha unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde. Namba hizo hazisikiki mpaka zigeuzwe kuwa umeme wa kusukuma spika, na anayezigeuza ni kichipu kinachoitwa DAC. Kipo ndani ya boksi, kipo ndani ya TV, kipo kwenye zile redio kubwa zenye HDMI, kipo hata kwenye simu yako. Kwa hiyo ukitaka kujua ubora wa mtambo wako, uliza mambo mawili: nani anazigeuza namba zangu, na je, zimemfikia zikiwa nzima?

Geuza boksi lako nyuma. Pembeni ya HDMI utaona tundu dogo la duara lililoandikwa AV. Ndimo karibu kila mtu anamochomeka ule waya wenye pini nyekundu, nyeupe na njano upande wa pili. Sauti ya tundu lile imeshageuzwa humo humo ndani, na kwenye maboksi ya bei nafuu kazi hiyo inafanyika jirani kabisa na Wi-Fi na saketi za umeme. Fanya jaribio hili: simamisha wimbo, ongeza sauti ya redio, weka sikio kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Utasikia mchirizo. Sasa bonyeza rimoti upitepite kwenye menyu. Kama mchirizo unabadilika kila picha inapohama, unachosikia ni kelele za kompyuta zimevuja kwenye muziki wako, na hakuna spika duniani ya kukutibia hilo.

Tundu hilo lina kituko kingine. Tazama jeki ya waya wake: ina pete tatu nyeusi, maana yake vyumba vinne, yaani kushoto, kulia, picha na ardhi. Watengenezaji hawakukubaliana picha ikae wapi na ardhi ikae wapi. Ukichukua waya wa king'amuzi cha zamani ukautia kwenye boksi jipya, unaweza kupata sauti nyembamba yenye mvumo mkali juu yake. Hapo spika zako zinapigiwa picha! Watu wameshatupa maboksi mazima kwa sababu ya waya wa namna hii.

Basi liache tundu la AV. Njia za maana ni tatu.

Ya kwanza ni HDMI. Kama una redio au saundiba yenye HDMI, kazi imekwisha: namba zinaingia nzima, zinageuzwa huko. Kama huna, HDMI iende kwenye TV kama kawaida, kisha angalia nyuma ya TV kama kuna tundu la mraba lenye kimlango, ambalo ukilichungulia unaona taa nyekundu. Hilo ndilo la waya wa mwanga, na ndiyo njia ya pili. Maboksi mengine yanalo yenyewe, limeandikwa SPDIF au OPTICAL.

Huu waya wa mwanga mimi naupenda kuliko njia zote, na sababu yangu ni ya Kitanga zaidi kuliko ya kitabuni. Toshiba waliuleta mwaka 1983 kwa ajili ya CD pleya zao. Ndani yake hamna shaba, ni uzi wa plastiki unaopitisha mwanga, na plastiki haipitishi umeme. Nyumba zetu nyingi, hasa za zamani, soketi zina matundu matatu lakini lile la ardhi halijaunganishwa popote. Chaja ya boksi huvujisha umeme kidogo sana, hauui, lakini ukigusa chuma cha pini kwa mkono wenye jasho unahisi kama unatekenywa. Umeme huo ukipata waya wa shaba kwenda kwenye sabufa unageuka mvumo wa hezi 50, ule wa "mmmm" usioisha hata wimbo ukiisha.

Mzee mmoja wa Chumbageni alinijia na sabufa mgongoni mwa bodaboda.

"Fundi, hii imechoka. Inavuma usiku kucha."

"Shikamoo mzee wangu. Ukichomoa waya wa boksi, bado inavuma?"

Akafikiri kidogo. "Hapana. Inanyamaza kimya."

Alirudi nyumbani na sabufa yake vile vile, pamoja na waya wa mwanga na kijiboksi cha kugeuza. Kijiboksi hicho ni DAC ndogo, upande mmoja unaingia mwanga, upande wa pili zinatoka pini nyekundu na nyeupe. Cha kuangalia ukinunua: kilishwe na chaja yake peke yake, usichukue umeme kwenye USB ya boksi, maana utakuwa umeurudisha ule ule waya wa shaba uliokuwa unaukimbia.

Njia ya tatu ni DAC ya USB. Android inazikubali tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, ingawa yapo maboksi ambayo mtengenezaji ameikata huduma hiyo. Hii inawafaa wenye hedifoni nzuri au amplifaya ya maana.

Wenye Apple TV nao wana habari yao. Vizazi vitatu vya mwanzo vilikuwa na tundu la mwanga. Kile cha mwaka 2015 kikaja bila, na tundu hilo halijarudi tena. Kwa hiyo kwa mashine mpya ni HDMI tu, na kama redio yako haina HDMI utapitia kwenye TV.

Sasa namba zenyewe. Dunia ya video inatumia kilohezi 48, yaani vipimo 48,000 kwa sekunde, dunia ya CD inatumia 44.1. Boksi limezaliwa upande wa video, na Android ina tabia ya kukusanya sauti zote kwenye chungu kimoja, wimbo wako, mlio wa kitufe, tangazo la programu, kisha kuzitoa zote kwa kipimo kimoja, mara nyingi 48. Apple TV nayo inatoa 48. Maana yake wimbo wa CD unahesabiwa upya: kila vipimo 147 vinakuwa 160. Kuna watu wanakosa usingizi kwa jambo hili. Maoni yangu ni kwamba hesabu ikifanywa vizuri sikio la kawaida halikamati kitu, na aliyeunganisha kwa tundu la AV akalalamikia kilohezi 48 anafukuza sisimizi huku chui yumo ndani. Lakini kama unataka usafi kamili kwenye Android, tumia DAC ya USB pamoja na USB Audio Player PRO, programu ya kulipia inayoruka kile chungu na kupeleka namba moja kwa moja.

Mipangilio ni ya dakika tano. Kwenye sehemu ya sauti chagua PCM, yaani namba zisizobanwa, badala ya otomatiki. Zima milio ya vitufe. Zima kila kitu kinachojiita besi ya ziada, mzunguko, au sauti ya sinema. Halafu sauti ya boksi ipandishe mpaka mwisho, upunguzie kwenye redio. Sababu ni hii: kwenye biti 16, kila ukipunguza desibeli 6 ndani ya boksi unapoteza karibu biti nzima ya muziki. Aliyeweka boksi robo na redio imefunguliwa yote anasikiliza mabaki.

Na Bluetooth? Kwa shughuli ya uani sina neno. Kwa kusikiliza umetulia, hapana: namna yake ya kawaida, SBC, inakata data ili ipite, na ubora uliohangaikia unaishia hewani.

Chanzo cha wimbo ndipo wengi tunapodanganywa. YouTube inakupa sauti iliyokatwa tayari. Mtu akiichukua hiyo akaigeuza kuwa MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, au hata FLAC, aina ya faili linalobana muziki bila kupoteza kitu, faili linanenepa lakini kilichokatwa hakirudi. Mafaili ya hivyo yamejaa kwenye flashi zinazouzwa mitaani. Kuyakamata ni rahisi. Weka kwenye kompyuta programu ya bure iitwayo Spek, tupia wimbo ndani, itakuchorea sauti kwa rangi. Wimbo mzima wa CD rangi zake hupanda mpaka karibu kilohezi 22, na hapa kilohezi ni wembamba wa sauti, si idadi ya vipimo. Ulioanza maisha kama MP3 ya 128 umekatwa kama kwa panga karibu na 16, hata kama jina lake limeandikwa HD mara tatu.

Ila usiutumie mtihani huo kwa nyimbo za zamani bila busara. Tanga hii ya Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, ya Black Star na Lucky Star kwenye taarabu, ilirekodiwa kwa tepu, mara nyingi kwa mono, yaani bila kutenganisha kushoto na kulia, na huko juu ya kilohezi 16 hapakuwa na kitu tangu siku ya kwanza. Anayekuuzia nyimbo hizo kwa biti 24 na kilohezi 192 anakuuzia faili kubwa. Tofauti unayoisikia kweli ni ya nakala: iliyotolewa kwenye tepu ya asili ina gitaa linaloonekana mbele yako, na iliyotolewa kwenye kaseti iliyonakiliwa kwa kaseti inasikika kama iko chumba cha pili. Tafuta nakala nzuri kwanza.

Suala la bando lazima niliseme. MP3 ya 320 inakula megabaiti 144 kwa saa. CD bila kubanwa ni megabaiti 635 kwa saa. FLAC, iliyopo tangu 2001, inaibana mpaka pengine nusu au zaidi kidogo, na haipotezi hata namba moja. Apple Music wanatoa ubora wa namna hiyo bila nyongeza ya bei tangu 2021, lakini wewe ndiye unayelipia data. Wasikilizaji wa kila siku nawashauri kuweka FLAC kwenye flashi au diski ngumu na kuichomeka kwenye boksi, kisha kupiga kwa programu ya Kodi au VLC. Flashi ya gigabaiti 64 inabeba zaidi ya saa 150 za muziki. Nyimbo zikiwa kwenye kompyuta, boksi linaweza kuzichukua kupitia ruta yako ya nyumbani, na hapo bando haliguswi, hata kama hujajiunga.

Mwisho ni chumvi. Wa Raskazone na Sahare, upepo wa bahari unaingia kwenye matundu yenu kila siku. Pini zikianza kuota ukijani, upande mmoja wa spika utapotea na kurudi ukitikisa waya. Zima umeme, chukua pamba na spiriti, sugua pini na mdomo wa tundu, acha zikauke. Waya wa mwanga hauoti kutu, ila ukiuchomoa kifunike kichwa chake kwa kile kiplastiki ulichokuja nacho. Vumbi likikaa pale, mwanga haupiti na redio itakaa kimya.