Faili jembamba la aliyeachishwa kazi

Wenye kampuni wakinipigia, wengi huomba semina ya uongozi: siku mbili hotelini, fulana, michezo ya kujenga timu. Siikatai, ina raha yake. Ila kabla ya kutaja bei mimi huomba kwanza mafaili ya walioachishwa kazi mwaka uliopita. Humo ndimo ninamoona mameneja wanahitaji kufundishwa nini.

Faili huwa jembamba. Kuna mkataba, nakala ya kitambulisho, kisha barua ya kuachishwa. Onyo la maandishi hamna, barua ya kujieleza hamna, muhtasari wa kikao hamna. Msimamizi alikasirika akasema "kesho usije," ofisi ikachapa barua ya kuhalalisha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri wa Tanzania awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Tena mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wa mfanyakazi. Ndiyo maana waajiri wengi hushindwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachosikiliza migogoro ya kazi, CMA kama tunavyoiita. Dereva kweli aliuza mafuta, lakini hakuna aliyemwita ajieleze. Mwajiri hutoka pale akilalamika kwamba sheria inalea wezi. Haimlei mtu, inauliza tu ulimsikiliza lini. Na aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka mgogoro huko, kwa hiyo akikaa kimya wiki mbili usijione umeshavuka.

Basi kwenye mafunzo yangu watu wanaandika. Kila meneja aandike tuhuma dhidi ya mtunza stoo. Rasimu za kwanza hufanana: "Umekuwa na tabia mbaya na utendaji usioridhisha." Mtu atajibu nini hapo? Tunafuta, tunarudia, mpaka itoke: "Tarehe 12 Machi ulitoa mifuko 40 ya saruji bila hati ya kutolea mzigo." Sasa ana la kujibu. Huenda hati anayo, na shauri likaishia hapo hapo.

Kikao cha kusikiliza tuhuma nacho kina masharti. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na aweze kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake wa kazini. Mwenyekiti awe meneja asiyehusika na tukio. Kampuni za kifamilia hukwama hapa: mkurugenzi ndiye aliyemkamata mtu, ndiye anayetaka kuongoza kikao, na mkewe ndiye mwandishi. Hao nawashauri watafute mwenyekiti wa nje.

Wakuu wa idara peke yao hawanitoshi darasani. Nataka wasimamizi wa zamu. Mlinzi akilewa saa nane usiku, msimamizi wa zamu ndiye anayemwona. Asipoandika usiku uleule aliona nini na nani walikuwepo, asubuhi afisa rasilimali watu anabaki na maneno ya korido.